Timu ya netiboli inakuja Tanga mwezi wa sita: tuwatembeze wapi wanafunzi bila kuharibu mechi?

MwlMichezo_Singida

Habari za jioni wakuu, hasa mliopo Tanga. Mwezi wa sita tunaleta timu ya netiboli ya wasichana wa sekondari kutoka Singida. Wachezaji 12, walimu wawili, matroni na dereva, na Kosta ni yetu wenyewe. Ratiba: Jumatatu na Jumanne mechi za makundi, mbili kwa siku. Jumatano hakuna mechi. Alhamisi saa 2 asubuhi robo fainali, Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali, Jumapili tunaondoka. Tutalala mjini.

Wengi wa wasichana hawa hawajawahi kuiona bahari kwa macho. Kuwarudisha nyumbani wakiwa wamejua bweni na uwanja tu siyo haki hata kidogo. Naomba kujua:

1. Jumatano twende wapi? Wengine wananiambia Amboni, wengine Pangani, wengine Amani.
2. Wanaweza kuogelea salama? Wapi na saa ngapi?
3. Tukitolewa robo fainali tutabaki na siku mbili. Hapo tufanye nini?

Bajeti ni ya shule, mnaielewa.

Chumbageni_Juu

Karibuni sana mwalimu. Ule msemo wa "waja leo waondoka leo" usiwatishe, siku sita zinatosha kuijua Tanga vizuri.

Jumatano acheni kabisa habari za Pangani na Amani. Ukitazama ramani Amani inaonekana karibu, lakini kutoka Muheza kupanda kule ni kilomita zaidi ya 30 za mlima na kona, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Mtatoka alfajiri mrudi giza limeingia. Mchezaji aliyekaa kwenye Kosta saa sita au saba anashuka nyonga zimekaza na miguu imejaa. Kesho yake saa 2 asubuhi unamtaka aruke na kutua kwa mguu mmoja. Netiboli ni mchezo wa kusimama ghafla, na anayesimama ghafla kwa miguu iliyochoka ndiye anayeteguka. Siku ya mapumziko mwisho wa matembezi uwe saa 6 mchana, kisha chakula na kulala.

Asubuhi hiyo fanyeni mzunguko wa mjini. Hauna gharama kubwa, na ukipangwa vizuri wanafunzi wanapata historia ambayo darasani huwa wanaikariri tu. Mimi ningeupanga kwa kufuata vita vya Novemba 1914, Waingereza dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi, kwa sababu vituo vyake vyote vipo ndani ya mji na vinafuatana.

Anzieni stesheni ya reli. Ujenzi wa reli hii ulianza 1893, ndiyo reli ya kwanza katika nchi yetu, na ikafika Moshi 1911. Hapo waelezeni jambo moja la msingi: Waingereza walipokuja kuishambulia Tanga na askari kama 8,000 waliotoka India kwa meli, Wajerumani hapa mjini walikuwa wachache sana. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alileta askari kwa treni kutoka Moshi, akafikisha kama 1,000. Bila reli ile Tanga ingechukuliwa siku ya kwanza. Mwanafunzi akisimama juu ya jukwaa la stesheni analielewa hilo mara moja. Kabla ya kupiga picha mwombeni mkuu wa stesheni, na mkifika upande wa bandari simu zibaki mfukoni kabisa.

Kutoka hapo tembeeni kwenda Bustani ya Jamhuri, ng'ambo yake mnaiona bahari ya ndani na kisiwa cha Toten. Wapeni nusu saa nzima hapo, msiwaharakishe, maana kwa wengi ndiyo mara ya kwanza. Boma la kale la Wajerumani lipo karibu, na ndani yake kuna makumbusho ya Urithi Tanga yenye picha za zamani za mji, reli na mkonge. Ni madogo. Wanafunzi 12 wakiingia pamoja hawasikii maelezo, wagaweni sita sita, kundi moja ndani na jingine bustanini.

Kisha pandeni Kosta, mpite Bombo hadi Raskazone. Ufuko ule ndiko Waingereza walikoshusha askari wao usiku wa kuamkia tarehe 3. Tarehe 4 wakasonga kuingia mjini kwa miguu, vichakani, na mapigano yakachokoza mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini. Nyuki waliwashambulia watu wa pande zote mbili, ila waliokuwa wanasonga mbele ndio walioumia zaidi. Tarehe 5 wakarudi melini na kuacha silaha nyingi ufukweni. Watu hupenda kusema nyuki ndio walioshinda vita. Tafadhali mwalimu, msiwafundishe hivyo. Walioshinda ni askari waliokuwa wanalijua eneo, wakiwemo Waafrika wengi ambao majina yao hayasomwi popote, dhidi ya jeshi lililotoka kukaa wiki kadhaa melini na kushushwa bila kupeleleza. Makaburi ya wapiganaji yapo hapa hapa mjini, mkipata dakika 20 mwambieni mwenyeji awapitishe.

Mkianza saa 2 asubuhi, saa 5 mmemaliza. Kwa miguu hamtafikisha hata kilomita tatu.

Mvuvi_wa_Sahare

Namjibu mwalimu kuhusu kuogelea, kwa sababu hapo ndipo wageni wa bara hupata tabu. Bahari ya Tanga inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na tofauti yake siyo ndogo. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, kina kinaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu, yaani yasiyo na nguvu, ni mita moja hivi. Kwa hiyo ukiuliza "Raskazone pazuri kuogelea?" jibu linategemea saa uliyofika. Saa ya maji kupwa utakuta tope na mawe, maji yamekimbia mbali. Saa ya kujaa utakuta bahari nzuri mno.

Huhitaji kitabu cha kupwa na kujaa, angalia tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yanakupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Mwezi ukifika tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa 4 asubuhi, na hayana nguvu. Kwa timu yenu inayotaka kuogelea asubuhi, maji mafu ndiyo mazuri. Mkiangukia bamvua, Jumatano asubuhi nendeni mkatazame tu, muogelee saa 9 alasiri siku nyingine.

Ingieni maji yakiwa yanajaa, yaani kuanzia saa moja na nusu kabla ya ukomo wa kujaa. Yakianza kutoka, wote wapande juu. Maji yanayotoka humvuta mtu polepole bila yeye kujua, na asiyejua kuogelea akishapoteza mguu chini anapaniki.

Sasa miguu, kwa sababu hawa ni wachezaji. Kwenye mawe kuna chaza waliogandamana, makali yao hukata wayo kama wembe. Kuna pia wale wadudu weusi wa miiba mirefu wanaokaa mashimoni, mwiba wao ukiingia unakatikia ndani na kisigino hakikanyagi chini siku mbili tatu. Kila msichana aingie na viatu vya plastiki au raba kuukuu zilizofungwa kamba. Siyo ndala, ndala huchukuliwa na maji. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni. Walimu wawili wasimame ndani ya maji, upande wa bahari kuu, wakiwatazama wanafunzi. Kusimama ufukweni na filimbi hakusaidii. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, halafu waoge maji baridi ya bomba, chumvi ikikaukia mapajani chini ya bukta inachubua, na kesho yake ni mechi.

Raskazone kuna klabu ya kuogelea yenye kiingilio, na bafu zipo. Kwa kundi la wasichana lipieni hiyo, msiende ufuko wa wazi.

MwlMichezo_Singida

Asanteni sana, hili la mwezi mwandamo lilikuwa halijanijia kabisa. Na Toten je? Wanafunzi wakikiona kisiwa wataniuliza. Na Amboni, maana mkuu wa shule ameshaitaja kwenye barua ya ruhusa.

Mvuvi_wa_Sahare

Toten kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale, pori limeyafunika sehemu kubwa. Ni karibu mno na mji, lakini mnakatiza njia ya meli za bandari, na kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009. Kwa hiyo msikubaliane na mtu yeyote mwenye mtumbwi pale pwani. Piteni ofisi ya hifadhi za bahari kwanza, lipeni, mwelekezwe boti. Kila abiria avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga, na kama boti ina jaketi nane basi imepakia watu nane, mwende kwa awamu mbili. Mwezi wa sita upepo ni wa kusi, asubuhi bahari imetulia, mchana inachafuka. Mwe mmerudi saa 5.

Ukweli, kwa timu ambayo bado inacheza mimi nisingewapeleka. Kushuka ni kwenye tope na mizizi ya mikoko. Wasimulieni mkiwa bustanini, na simulizi nzuri zaidi ni ya huyo silikanti mwenyewe: samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani zamani za kale kabisa, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa huku Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu.

Kiomoni_Mlangoni

Amboni nijibu mimi. Mapango yapo kama kilomita nane kaskazini mwa mji, barabara ya Horohoro, halafu mnaacha lami na kuingia kushoto kuelekea Kiomoni. Kosta inafika hadi getini. Mkinyeshewa usiku, asubuhi dereva ashuke aikague njia ya vumbi kabla ya kuingia.

Msiende Jumatano. Siyo kwa sababu ya umbali, nusu saa tu mmefika. Ni kwa sababu ya sakafu. Ndani kuna ngazi za mawe, utelezi wa matone na mbolea ya popo, na mahali pa kuinama hadi kupita kwa magoti. Kifundo cha mguu kinateguka kirahisi pale kuliko hata uwanjani. Nendeni Ijumaa kama mmetolewa, au Jumapili asubuhi kabla ya safari.

Maandalizi yake ni haya. Barua ya shule yenye mhuri na orodha ya majina, ili wanafunzi watozwe kiwango chao. Walimu wabebe vitambulisho vya taifa. Mapango yapo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na malipo ni ya serikali: unapewa namba, unalipa kwa simu. Pesa taslimu peke yake itawachelewesha getini. Viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, ila siyo raba za mechi, udongo wa mfinyanzi ukishajaa kwenye soli hautoki kwa siku moja. Suruali za mazoezi zisizo mpya. Tochi: mwongoza wageni ana yake, lakini kwa watu 16 haitoshi, mjitahidi kuwa na moja kwa kila wanafunzi watatu. Mwanga wa simu hautoshi, na anayeshika simu hana mkono wa kujishikilia ukutani.

Jigaweni makundi mawili ya wanane. Kundi moja linachukua karibu saa nzima. Mwenye pumu asiingie, harufu ya popo ndani ni kali na hewa ni nzito. Anayeogopa giza abaki nje na matroni bila kulazimishwa, kwa sababu akishtuka katikati ya njia nyembamba kundi zima linakwama. Barakoa zinasaidia. Wakitoka, mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula chochote.

Mtaonyeshwa miamba yenye sura za wanyama na majengo, na mtapita mahali pa mzimu ambapo watu hadi leo huacha sadaka. Pale wanafunzi wanyamaze na wasiguse kitu. Kuna watu wana haja zao pale. Wala wasishike yale mawe yanayoning'inia: mafuta ya mkono yakishakaa juu yake, maji ya chokaa hayagandi tena na jiwe linaacha kukua.

Mtasikia pia kwamba njia za chini zinakwenda hadi Mombasa na Kilimanjaro, na kwamba kuna mbwa alipotelea humu akatokea huko. Simulizi nzuri, isikilizeni. Lakini uchunguzi wa wataalamu wa Ujerumani na Uturuki mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyo mbalimbali, na refu kuliko yote halizidi mita 900. Mkimwambia mwanafunzi yote mawili hakosi kitu.

Njiani mtaona mashamba ya mkonge. Zao hili liliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyosalimika ni 62, na mikonge yote ya mwanzo ilizaliwa na hiyo. Simamisheni gari dakika tano waone jani kwa karibu, ila ncha yake ni mwiba, wasisukumane.

Bint_Machui

Mwalimu, naona wote wameelekea kaskazini na baharini. Naomba mfikirie barabara ya Pangani, siyo kwenda Pangani yenyewe, nusu yake tu.

Kama kilomita 20 kusini mwa mji kuna magofu ya Tongoni. Msikiti wa karne ya 15 na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Hakuna mahali pengine katika pwani yetu ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi yaliyokusanyika hivi. Nguzo nyingi zimeanguka, na vile vyombo vya kichina vilivyopachikwa juu yake vimeng'olewa siku nyingi, vimebaki vishimo tu. Waonyesheni vishimo hivyo hasa, ndivyo vinavyowaambia kwamba mji huu ulikuwa unafanya biashara na dunia kabla ya Mreno kufika. Aprili 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya bahari hii ya Mtang'ata, yaani eneo hili la Tongoni. Januari 1499, wakati wa kurudi, wakaichoma moto hapa hapa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Tongoni ni tambarare, hakuna kupanda wala kuinama. Saa moja inatosha. Kwa miguu ya wachezaji ni salama kuliko Amboni, na kwa wanafunzi wa historia ni kubwa kuliko Amboni, hilo nalisimamia. Vaeni kanga au mtandio mkiingia eneo la makaburi, msikalie kuta, msiokote vigae.

Na katika njia hiyo hiyo kuna Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa 1909 Vibambani, jirani tu na hapo. Wasichana wenu wanamsoma darasani na kumjibia mitihani, halafu watakuja Tanga waondoke bila kumwombea dua? Mkifika kijijini msiende kaburini moja kwa moja, ulizieni wazee kwanza, pigeni hodi, jitambulisheni kuwa ni shule, mtapelekwa. Mwanafunzi mmoja aandaliwe shairi lake la kulighani pale. Tokeni mjini saa 8 mchana, anzieni Tongoni, rudini kupitia Machui, jua halijazama mmeshafika. Mwezi wa sita huku linazama saa 12 na dakika 20 hivi.

MwlMichezo_Singida

Bint Machui, umenigusa sana, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Basi Jumatano asubuhi mjini na Raskazone, Alhamisi baada ya mechi Tongoni na Machui, Amboni Jumapili. Bado chakula. Na Ijumaa je, kuna la kuangalia?

Chumbageni_Juu

Mpango mzuri, ila Alhamisi mkishinda, sogezeni Tongoni hadi Jumamosi jioni. Nusu fainali ni kesho yake.

Chakula: mpaka mechi ya mwisho wale kile walichozoea, wali, maharage, ugali, nyama, ndizi. Samaki wa kukaanga aliyetoka jikoni sasa hivi hana shida. Pweza, urojo, juisi yenye barafu ya mtaani, na samaki wa nazi aliyelala, hivyo viahirishwe. Tumbo la msichana wa Singida halijavizoea, na mmoja akiharisha bwenini mnaamka saba. Maji ya chupa, lita mbili na nusu kwa siku kwa kila mmoja, maana joto la pwani lina unyevu na jasho halikauki, kwa hiyo hawahisi kama wanapoteza maji.

Mkishamaliza kucheza, jioni moja wapelekeni Ngamiani. Mitaa yake imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, hata mgeni hapotei. Hapo ni mkate wa kumimina, mishikaki, muhogo wa kuchoma na chai ya maziwa. Nendeni baada ya magharibi, kaeni kibanda kimoja, mwelewane bei ya kundi kabla ya kuagiza.

Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala na barabara za jirani na misikiti hujaa. Msipange manunuzi wala kukatiza Ngamiani na Kosta muda huo. Wasichana wakitembea mjini wavae suti za mazoezi, bukta za mechi ziishie uwanjani.

Kiomoni_Mlangoni

Nyongeza kwa Jumapili: mkiingia Amboni saa 2 kamili asubuhi, saa 4 na nusu mmeshanawa na kubadilisha nguo. Nendeni na nguo za safari ndani ya gari, msirudi bwenini. Machungwa nunueni Muheza, ipo njiani kwenu kabla ya Segera, na Juni ni msimu wake. Chagueni yaliyo mazito mkononi hata kama ganda bado ni la kijani, ya huku hayasubiri kuwa ya njano ndipo yaive. Yawekeni kwenye viroba vya matundu nyuma ya viti, yakifungiwa kwenye buti yenye joto hadi Singida yatafika yameanza kuoza.